Shahada ya Haraka, Maandalizi ya Polepole: Ukitaka Kuomba Uuguzi wa Mwaka Mmoja Marekani

Tangu muhula huu uanze nimeulizwa swali moja na watu wasiopungua sita, wote wa mwaka wa mwisho: "Hivi ni kweli mtu mwenye digrii ya Elimu anaweza kuwa nesi Marekani kwa mwaka mmoja tu?" Jibu fupi ni ndiyo, inawezekana. Jibu refu ni makala hii, kwa sababu huo "mwaka mmoja tu" unaosemwa kwenye video za mitandaoni ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni maandalizi, na hayo hayana haraka hata kidogo.

Kwanza mjue nazungumza kutoka wapi. Nasoma Sayansi na Elimu, Bailojia na Kemia. Marekani sijawahi kukanyaga. Lakini dada yangu, mtoto wa kwanza nyumbani kwetu, alihitimu Sosholojia hapa nchini, yeye na mumewe wakapata viza ya ile bahati nasibu, na sasa anaishi Houston. Anafanya kazi ya kuwahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee: kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani. Tangu mwaka jana anajiandaa kuomba programu hiyo ya uuguzi, na mwalimu wake wa twisheni ni mimi. Akitoka zamu saa tano usiku, huku kwetu ni saa moja asubuhi wakati wao wa joto, na saa mbili wakati wao wa baridi. Tunapiga msuli kwa simu kama dakika arobaini, mimi nakwenda kipindi, yeye anakwenda kulala. Haya ninayoandika ni yale tuliyoyapitia pamoja, ukurasa kwa ukurasa.

Programu yenyewe ni nini

Inaitwa shahada ya uuguzi ya kasi, kwa kifupi ABSN. Ni kwa mtu ambaye tayari ana shahada ya kwanza ya fani nyingine. Chuo cha Saint Louis, kule Missouri, kilianzisha programu ya namna hii mwaka 1971, na leo zipo karibu kila pembe ya Marekani. Nyingi huchukua miezi 11 hadi 18.

Inawezekanaje? Fikiria shahada ya kawaida ya miaka minne. Sehemu kubwa ya mwanzo ni masomo ya jumla: uandishi, historia, sayansi ya jamii, sayansi za msingi. Mwenye shahada tayari anaondolewa masomo hayo ya jumla, anabaki na uuguzi wenyewe. Ila uuguzi huo haupunguzwi. Mazoezi ya wodini yako palepale, dawa ni zilezile, na likizo ndefu hakuna. Ndiyo maana vyuo vingi huwashauri wanafunzi wake wasifanye kazi kabisa kipindi hicho. Mwishoni unapata shahada, na shahada peke yake haikupi leseni. Lazima ufanye mtihani wa NCLEX-RN, ambao kompyuta hukupa maswali kati ya 85 na 150 kulingana na unavyojibu, ndani ya saa tano. Ukifaulu, na jimbo likaridhika na taarifa zako, ndipo unaitwa muuguzi aliyesajiliwa.

Kabla ya kupenda chuo chochote, angalia mambo mawili. Je, programu ina ithibati ya CCNE au ACEN? Na je, imeidhinishwa na bodi ya uuguzi ya jimbo husika? Kama jibu ni la kuzungukazunguka, achana nacho.

Masomo ya awali: hapa ndipo muda unapokwenda

Shahada yako ya Elimu, Sosholojia au Biashara inakufungulia mlango wa nje. Mlango wa ndani unafunguliwa na masomo ya awali. Kila chuo kina orodha yake, lakini orodha hizo zinafanana sana: Anatomia na Fiziolojia sehemu ya kwanza na ya pili, Mikrobiolojia, Kemia, Takwimu, Lishe, na Saikolojia ya makuzi ya binadamu. Masomo ya sayansi yanatakiwa yawe na maabara.

Watu wa Elimu, tusikilizane hapa. Saikolojia ya makuzi tumeisoma. Takwimu wengine wetu tumeisoma. Waliochukua Bailojia wana kipande cha fiziolojia. Lakini usidhani chuo cha nje kitakubali kwa kuona jina la kozi. Wanataka maelezo ya kozi: mada, saa za maabara, kitabu kilichotumika. Kwa hiyo tunza zile karatasi za muhtasari wa kozi ambazo wengi wetu hufungia maandazi muhula ukiisha. Pia vyuo vingi huweka ukomo wa umri wa masomo ya sayansi, vingine miaka mitano, vingine saba au kumi. Sayansi ya zamani mno unairudia.

Dada alikuwa hana hata somo moja la sayansi. Ameyasoma yote kwenye chuo cha miaka miwili karibu na anakoishi, ambako ada ni nafuu kuliko vyuo vikuu. Somo moja au mawili kwa muhula, huku akifanya kazi. Anatomia ya kwanza lazima itangulie ya pili, huwezi kuzisoma pamoja. Ukipiga hesabu ya mihula utaona mwenyewe: mtu asiye na sayansi anahitaji mwaka mmoja na nusu hadi miwili kabla hajabonyeza kitufe cha kutuma maombi.

GPA: usihesabu kwa vidole

Vyuo vyetu kadhaa vinatumia kipimo cha 5. Wao wanatumia cha 4. Mtu mwenye 3.4 ya hapa anasoma tangazo linasema "GPA isipungue 3.0" anashangilia. Subiri kwanza. Hiyo 3.4 ni ya tano, siyo ya nne. Wala huigeuzi kwa kugawanya tu. Shahada ya nje hupelekwa kwenye taasisi ya kutathmini vyeti, mojawapo inayojulikana ni WES, na unaomba tathmini ya kozi moja moja. Wao ndio wanaogeuza alama ya kila kozi kuwa ya kwao na kutoa GPA mpya. Transkripti inatakiwa itoke chuoni moja kwa moja, haipiti mkononi mwako. Kwa hiyo ile fomu ya kuondoka chuoni, inayozungushwa maktaba, hosteli na uhasibu, imalize ukiwa bado uko hapa. Kuna watu wako nje, transkripti zao zimekwama kwa sababu ya kitabu kimoja cha maktaba.

Vyuo vingi pia vinaangalia GPA ya masomo ya awali peke yake, na wengi tunaelewa vibaya namna krediti zinavyovuta. Tuchukue mfano wa dada mwenyewe, kwa ruhusa yake. A ni pointi 4, B ni 3, C ni 2.

Anatomia ya kwanza, krediti 4, A: pointi 16.
Anatomia ya pili, krediti 4, B: pointi 12.
Kemia, krediti 4, B: pointi 12.
Takwimu, krediti 3, A: pointi 12.

Jumla pointi 52 kwa krediti 15. Gawanya, unapata 3.47. Sasa amebakiza Mikrobiolojia, krediti 4. Akipata A anakuwa na 68 kwa 19, yaani 3.58. Akipata B ni 64 kwa 19, yaani 3.37. Akipata C ni 60 kwa 19, yaani 3.16. Somo moja tu, lakini kati ya A na C kuna tofauti ya zaidi ya 0.4. Na pale ambapo nafasi ni chache na waombaji ni wengi, 3.16 inaweza kuwa juu ya kiwango cha chini na bado isiitwe.

Hesabu hii tuliifanya kabla muhula wao haujaanza, na ikabadilisha mambo nyumbani. Dada alikuwa anafanya zamu tano kwa wiki pamoja na za ziada. Kwa hali hiyo C ilikuwa inanukia. Akaomba apunguziwe zamu mbili. Sasa, zamu hizo ndizo zilizokuwa zinanilipia chumba mimi, maana bumu linajulikana linaishia wapi. Alinipigia kuniuliza kwanza kama nitaweza. Nikamwambia punguza. Tangu hapo jioni nafundisha Kemia watoto wa kidato cha nne mtaani, na chumba kinalipika kwa taabutaabu. Nalitaja hili kwa sababu kwenye orodha za "mahitaji ya kuomba" huwa haliandikwi: maandalizi yana gharama, na mara nyingi inagawanywa kwa watu wengi wa nyumba moja. Kaeni muongee mapema nani atabeba nini.

Namna ya kusoma: funga daftari

Hapa naingia kwenye fani yangu. Wengi wetu tunasoma kwa kurudia madesa: tunasoma, tunapaka rangi, tunasoma tena. UE ikipita, kila kitu kinayeyuka. Kwa mtihani wa wiki hii njia hiyo inaweza kukuvusha. Kwa Anatomia utakayoihitaji wodini mwaka ujao, haifai.

Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington kilichopo mji huohuo wa St. Louis, walichapisha jaribio ambalo kila mwalimu anapaswa kulijua. Kundi moja lilisoma kifungu mara nne. Kundi jingine lilisoma mara moja, kisha likajipima mara tatu kwa kuandika linachokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza: asilimia 83 dhidi ya 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 61, waliorudia kusoma 40. Yaani kurudia kusoma kunakupa hisia ya kujua, na hisia hiyo inadanganya.

Kwa hiyo na dada tuna sheria moja: daftari linafungwa. Namuuliza, "Mtu amefunga Ramadhani, ni saa kumi alasiri, kwenye damu yake kunaendelea nini?" Anaanza: sukari inaelekea kushuka, kongosho inapunguza insulini na kuachia glukagoni, ini linavunja glikojeni iliyohifadhiwa na kurudisha sukari kwenye damu. "Akifuturu?" Sukari inapanda, insulini inatolewa, seli zinachukua sukari, ini linahifadhi ziada. Akikwama, simwambii jibu. Namrudisha hatua moja nyuma. Halafu anaunganisha na kazi yake: mzee mwenye kisukari amechomwa insulini asubuhi na chai hajanywa. Kwa nini anatoka jasho, anatetemeka, anaanza kuongea vitu visivyoeleweka? Siku aliyoeleza hilo mwenyewe bila msaada, nilijua kuwa mfumo huo sasa ni wake.

Fanya hivyo kwa kila mada. Elezea njia ya damu kupitia moyo na mapafu kwa mdogo wako wa darasa la saba. Chora figo bila kutazama, kisha fungua kitabu uone ulichosahau. Rudia kesho, rudia baada ya siku tatu, rudia baada ya wiki. Dakika arobaini za namna hii zinashinda kukesha.

Mtihani wa kuingia

Vyuo vingi vinataka mtihani wa TEAS, vingine HESI A2, vingine havitaki kabisa. TEAS ina maswali 170 kwa dakika 209, sehemu nne: kusoma na kuelewa maswali 45 kwa dakika 55, hisabati 38 kwa dakika 57, sayansi 50 kwa dakika 60, na lugha ya Kiingereza 37 kwa dakika 37.

Tazama hizo namba vizuri. Hisabati una dakika moja na nusu kwa swali. Lugha una dakika moja kamili. Ugumu uko kwenye saa. Sehemu ya hisabati ni asilimia, uwiano, sehemu na vipimo, yaani mambo ya sekondari, lakini wenzetu kule wanatumia paundi na inchi pia. Zoea kugeuza: kilo moja ni kama paundi 2.2. Mgonjwa wa paundi 110 ana kilo 50. Dawa ni miligramu 5 kwa kila kilo, basi anahitaji miligramu 250. Chupa ina miligramu 125 kwa kila mililita 5. Mpe mililita ngapi? Kumi. Kama umechukua zaidi ya dakika moja na nusu, fanya mengine ishirini.

Kuhusu Kiingereza: tumesomea kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza, lakini baadhi ya vyuo vitakudai TOEFL au IELTS hata hivyo, kwa kuwa shahada yako ni ya nje. Vingine husamehe. Waulize kwa maandishi na utunze jibu lao.

Barua na insha

Utatakiwa barua za mapendekezo, mara nyingi mbili au tatu, za mwalimu aliyekufundisha na msimamizi wa kazi. Mwalimu mwenye wanafunzi mia nne ukumbini hawezi kuandika lolote la maana juu yako kama hakujui hata kwa sura. Nenda ofisini kwake sasa, uliza maswali, mjadiliane. Muombe barua wiki sita kabla ya tarehe ya mwisho, umpe na maelezo mafupi ya unachoomba.

Insha inauliza kwa nini uuguzi na kwa nini sasa. Usiandike kwamba tangu utotoni ulipenda kusaidia watu. Kila mtu ameandika hivyo. Andika kitu ulichokifanya kwa mikono yako. Dada aliandika juu ya kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya mgongo, na juu ya siku alipoona wekundu kisiginoni kwa bibi mmoja akatoa taarifa mapema. Kwa mtu wa Elimu, tulichonacho ni ufundishaji. Muuguzi hufundisha siku nzima: namna ya kutumia dawa, kula, kuosha kidonda, kumnyonyesha mtoto. Kama ulikwenda mafunzo kwa vitendo ukafanya darasa la watoto tisini lielewe, hiyo ni hoja. Iandike kwa mfano mmoja, kwa undani.

Fedha, viza na madalali

Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu, kama dada, anaweza kuomba mikopo ya serikali ya Marekani, lakini ule msaada wa Pell usiorudishwa hapewi mtu mwenye shahada tayari, hata kama shahada ni ya nje. Anayetoka huku kwa viza ya mwanafunzi hapati mikopo hiyo, na chuo hakitoi fomu ya I-20 hadi aonyeshe ana fedha za ada na matumizi. Wakati wa muhula anaruhusiwa kazi za ndani ya chuo tu, zisizozidi saa 20 kwa wiki. Na siyo kila programu ya kasi inapokea wanafunzi wa viza. Kwa hiyo swali la kwanza kwa chuo liwe hilo, kabla ya ada ya maombi.

Halafu kuna madalali. Wapo hata kwenye magrupu yetu ya WhatsApp: "Nafasi ya uuguzi Marekani, mwaka mmoja, lipa ya kuanzia leo." Chuo cha kweli kinapokea maombi chenyewe, au kupitia mfumo wa pamoja wa NursingCAS. Hakihitaji mtu wa katikati anayepokea hela kwa namba ya simu. Mtu akikwambia masomo ya awali hayatakiwi, au mtihani atakufanyia yeye, mblock na uendelee na maisha.

Na wewe, unataka nini?

Mimi nabaki na chaki. Napenda darasa, na shule zinahitaji walimu wa sayansi. Lakini simlaumu anayetazama kwingine, maana ajira za ualimu tunazijua zilivyo. Ninachoomba ni usiende kwa sababu ya neno "haraka". Kama kumhudumia mgonjwa hujawahi kujaribu, jitolee kwenye kituo cha afya kilicho karibu likizo hii uone harufu, usiku na uchovu wake. Na kama ni uuguzi unaoupenda zaidi ya Marekani, njia ya hapa nyumbani ipo, shahada ya miaka minne kwenye vyuo vyetu wenyewe.

Kama bado umeamua, basi wiki hii fanya manne tu. Chagua vyuo vitatu, uandike masomo ya awali ya kila kimoja kwenye jedwali moja. Weka alama uliyosoma na usiyosoma. Kusanya mihtasari ya kozi zako zote kwenye faili moja. Kisha kaa na watu wa nyumbani muongee habari ya hela. Mikrobiolojia ya dada inaisha Desemba, na tarehe ya mwisho ya chuo anachokitaka inaruhusu somo moja liwe bado linaendelea. Kesho asubuhi zamu ya maswali ni ya bakteria na ukuta wa seli. Na mimi nina vipindi viwili vya Kemia jioni.